Kishikio cha Kasebele

Jumapili, 19 Aprili. Tukuyu. Mvua tangu kabla ya mapambazuko, na ukungu umefunika hadi miparachichi ya jirani.

Leo nimeanza siku kwa kugusa rangi. Kabla ya kuwasha jiko, kabla hata ya kusali, nilifunua kopo la biskuti nikagusa ubavu wa injini kwa ncha ya kidole kidogo.

Ikanata.

Ilinata jana, ilinata juzi. Ndani ya kopo nimeweka balbu, juu nimetoboa matundu ya kutolea unyevu, na mkaa unawaka jikoni mchana kutwa. Lakini hapa ni Tukuyu na huu ni mwezi wa nne. Shati linakaa kwenye kamba siku tatu, halafu linarudi ndani likiwa na harufu ya mbwa. Rangi nayo itakauka ikipenda.

Naandika haya jioni, kwenye meza ya jikoni, maharage yakiwa motoni. Nataka niyaandike kwa mpangilio kwa sababu kichwani hayana mpangilio.

Kwa aliyefika hapa mara ya kwanza: mimi ni msaidizi wa chumba cha meno hospitalini, na muda wangu wa mapumziko nautumia kurekebisha treni ndogo za mezani. Sina reli ya kuzunguka chumba kizima kama wale ninaowaona kwenye video. Nina kipande kimoja cha reli, urefu wa mkono wangu, na injini tatu. Hizi injini zinatoka kiwandani zikiwa kamili. Unafungua boksi, unaiweka relini, inakwenda. Wengi wanaishia hapo. Mimi siwezi. Zinang'aa kama pipi, na vishikio vyake ni michirizi tu iliyovimba kwenye plastiki, kama nyusi za mdoli. Kwa hiyo nakwangua, natoboa, naweka vishikio vya waya, napaka rangi upya, kisha nazichafua kwa masizi na unga wa tofali mpaka zionekane zimewahi kufanya kazi.

Hii ya sasa ni injini ya shantingi. Injini ya shantingi haisafiri. Inakaa stesheni maisha yake yote, ikisukuma na kuvuta mabehewa, ikipanga treni ambazo injini nyingine zitaondoka nazo. Ina magurudumu sita, pua ndefu, na chumba cha dereva nyuma. Inaenea kwenye kiganja.

Baba mkwe wangu aliendesha moja ya namna hiyo pale Mbeya miaka mingi, mpaka alipostaafu akarudi Ikuti kwenye migomba na chai yake. Jina lake siliandiki. Sijawahi kulitamka wala kuliandika, na shida yote ya wiki hizi tatu inaanzia hapo.

Mimi na yeye hatuonani.

Hatujagombana. Ni heshima. Mimi ni Mhehe wa Iringa niliyeolewa na Mnyakyusa, na kwa mila ya kwao mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Wengi wameshaacha, hasa hapa mjini. Nina wenzangu kazini wanaokula meza moja na wakwe zao na kubishana nao habari za mpira. Yeye hakuacha, pamoja na kuwa ni mzee wa kanisa, na mimi nilipoolewa niliambiwa hivyo nikakubali. Haikuwahi kunielemea. Yeye alikuwa Ikuti, sisi Tukuyu. Tukienda kuwasalimia mimi napita njia ya nyuma, na nikimwona kwa mbali naingia kwenye migomba mpaka apite.

Halafu macho yake yakaanza kufa.

Ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha kabla hatujajua kitu. La kushoto lilibakiwa na tundu la katikati. Daktari alisema ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alisema pia kwamba kilichokwisha hakirudi, dawa ni za kulinda kilichobaki, na kwamba siku yoyote akiona tofauti, siku hiyo hiyo arudishwe. Kwa hiyo mume wangu Lusajo aliwaleta wazazi wake wakae kwetu kipindi cha kliniki. Nyumba ya kupanga, korido moja.

Lusajo alining'iniza kitenge katikati ya korido. Mbele ya kitenge ni kwao: sebule na chumba walichopewa. Nyuma ni kwangu: jiko, stoo, chumba chetu. Choo kiko uani, na njia ya uani inapita jikoni, kwa hiyo akitaka kutoka anakohoa kwanza. Nikisikia kikohozi naacha ninachofanya, naingia stoo, nafunga mlango. Anapita. Akirudi anakohoa tena.

Wiki tatu zote namfahamu kwa masikio. Najua ndala zake na sala zake. Najua anavyocheka, kama mtu anayesukuma kitu kizito. Tangu Ijumaa nasikia pia kiganja chake kikipita ukutani anapotembea, shhh, kuanzia kitenge mpaka mlango wa uani. Nilidhani anaogopa kuteleza. Sakafu yetu ikipigwa na unyevu inakuwa kama sabuni.

Angekuwepo Neema, binti yetu, maswali yangu yangekwenda na kurudi salama, kwa kuwa Kinyakyusa anakisikia na babu yake anampenda. Neema yuko shule ya bweni. Nimebaki na Mama, yaani mama mkwe, na Mama ana namna yake ya kupeleka ujumbe.

Ilianza siku ya pili tangu wafike. Nilikuwa napiga tupa kwenye bodi ya injini, nikiondoa vishikio vya plastiki. Mama akaja jikoni.

"Mama Neema, mwenzangu anauliza, huku nyuma kuna panya anayekula chuma?"

Nikamwonyesha. Akaigeuza, akainusa, akaenda nayo nyuma ya kitenge. Kisha nikasikia kile kicheko.

Mama akarudi. "Anasema ya kwake ilikuwa njano. Anauliza hii ya bluu ni ya watu gani."

Hapo ndipo nilipojiwekea jambo moja: aione ikiwa ya kwake, ya njano, kabla lile tundu halijaziba. Sikumwambia mtu. Kesho Jumatatu wanarudi Ikuti, kwa hiyo siku yangu ya mwisho ilikuwa leo.

Nilifanya kazi kwa utaratibu, kama ninavyofanya kila kitu. Nilifuta maandishi ya kigeni kwa pamba na spiriti. Natoboa kwa drili ndogo ya kuzungusha kwa vidole, na vichwa vyake ni vile vya kutobolea meno vilivyochoka, ambavyo daktari wetu huniachia vikishapikwa kwenye mashine ya kuua vijidudu. Vishikio ni vya waya wa kunyooshea meno. Haupati kutu na ukiukunja unabaki ulivyokunjwa. Mistari myeusi ya mbele na nyuma niliipaka kwa kuziba na vipande vya plasta. Kila jambo niliuliza kwanza. Honi ilikaa wapi? Taa zilikuwa ngapi? Vumbi la pale stesheni lilikuwa na rangi gani?

Lusajo alinikuta siku moja nimeinama juu ya taa.

"Shati langu halina kifungo tangu mwezi wa pili," alisema. "Nikijigeuza treni nitahudumiwa?"

"Jigeuze. Ila ujue naanza na tupa."

Akacheka akaenda kutafuta sindano mwenyewe.

Katika kuuliza huko ndipo habari za Kasebele zilipotoka. Kasebele alikuwa mwenzake wa kazi, yule anayesimama nje kwenye ngazi ya injini, anayeruka chini kufunga na kufungua mabehewa. Alikuwa mfupi, na kishikio cha kiwandani kilikuwa juu mno kwake. Baba mkwe alikwenda karakana akaomba wachomelee kingine, chini ya kile cha kwanza, kwa ajili ya Kasebele peke yake. Hakuna injini nyingine pale iliyokuwa nacho. Mama alinieleza hayo yote vizuri, na mwisho akaongeza aliloambiwa aongeze: bila hicho kishikio, siyo yenyewe.

"Mama, naomba umuulize. Kilikuwa upande gani?"

Akaenda. Wakazungumza muda ambao chungu cha maharage kingeweza kuchemka. Mimi Kinyakyusa changu ni cha salamu na sokoni. Nilisikia jina la Kasebele likija na kurudi, nikasikia kitu kikigongwa kwenye ubao wa kitanda, nikasikia wote wawili wakicheka. Yote yale yalikuwa majibu yangu, yanapita hewani hatua chache kutoka kwangu, nami siyapati. Mama akarudi.

"Kushoto," alisema. "Na anasema chai ya leo umesahau tangawizi."

Nikatoboa kushoto.

Leo asubuhi Mama alitaka kwenda kanisani kuwaaga akina mama wenzake wa hapa. Mumewe alisema mvua ni kubwa, yeye atabaki. Lusajo akamsindikiza Mama kwa mwavuli. Mimi nikabaki kwa sababu ya rangi, na pia kwa sababu mtu mgonjwa haachwi peke yake, hata kama huwezi kumtazama. Kabla hajatoka, Mama aliiweka injini kwenye sinia juu ya taulo.

"Rangi haijakauka, Mama. Mwambie aishike chini, kwenye magurudumu."

Akaipeleka. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko nikiwa nimeshika tupa bila kazi. Mama alirudi akifunga kilemba.

"Anaitazama," alisema. "Ameiinamia kabisa."

Mlango wa mbele ukafungwa. Niliketi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Nilifikiri, imewahi. Imenata, lakini imewahi.

Bati lilikuwa likipiga kelele kwa mvua. Mvua ilipopungua kidogo, nikasikia sauti yake, kwa Kiswahili. Siyo Kinyakyusa. Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyefanya kazi na watu wa kila kabila.

"Wewe injini."

Nikainua kichwa.

"Wewe injini, nani amekudanganya? Kasebele umemweka wapi? Huku ni upande wa dereva. Mwenzio alikuwa upande ule mwingine. Nimemwonyesha yule mama kwa mkono wangu mwenyewe, nimeuinua hivi. Yeye amekaa mbele yangu, ananitazama usoni, ameuchukua mkono kama alivyouona yeye."

Nilielewa papo hapo. Walikuwa wameelekeana. Aliinua mkono wa kulia, na Mama akauona upande wake wa kushoto, akaja kuniambia kushoto. Ningeruhusiwa kusimama mlangoni kwa muda wa pumzi moja tu, ningemwona akiinua mkono, na basi.

Alisubiri jibu. Kisha akaendelea, polepole.

"Injini haina mdomo, najua. Kasebele naye hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na kipande cha nondo, anagonga ubavu wa injini. Mara moja, nimesikia. Mara mbili, rudia."

Nikaitazama tupa mkononi mwangu.

Nimeambiwa nisimtazame, nisimwite jina, nisimsemeshe. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za kugonga. Nilifikiri hivyo kwa haraka, kama mtu anayetafuta ruhusa mahali ambapo hakuna wa kumpa. Nikagonga birika mara moja.

"Aaa," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ndaga. Ndaga fijo."

Najua neno hilo. Alikuwa ananishukuru.

Akaniambia mengi kwa muda mfupi kuliko wiki tatu zote. Kishikio kilikuwa usawa wa kiuno cha mtu mfupi. Ncha zake zote mbili ziliingia ndani, hazikutokeza, ili nguo isinase. Ncha ya chini ilikuwa imebondeka kwa sababu behewa moja liliwahi kuigusa. Mahali pamoja sikumwelewa, nikagonga mara mbili. Akarudia, bila haraka, kama alivyokuwa akimrudia mwenzake.

Kisha akakohoa. Nikaingia stoo. Ndala zikaja mpaka kwenye kitenge, sinia likawekwa sakafuni, ndala zikarudi. Nilipotoka nikakuta injini imesukumwa chini ya upindo wa kitenge, upande wangu.

Rangi yote ilikuwa na alama za vidole. Ubavuni, juu ya paa, kwenye pua, kuzunguka madirisha. Kila mahali. Siku nyingine ningelia. Leo sikuwa na nafasi.

Nilikichomoa kishikio. Matundu yaliyobaki niliyaziba kwa ule unga wa kutengenezea meno ya bandia. Ni wa pinki kama ufizi, lakini hausubiri hewa wala jua, ukishachanganywa na maji yake unaiva wenyewe. Nikatoboa upande wa pili. Nikakunja waya mpya, nikaingiza ncha ndani, nikaibana ya chini kwa koleo mpaka ikabondeka. Mikono ilikuwa imetulia. Ni ajabu jinsi mikono inavyotulia inapojua la kufanya.

Nikairudisha kwenye sinia, nikaisukuma chini ya kitenge, nikagonga sakafu kwa tupa mara moja.

Akaja. Nilipaswa kurudi jikoni. Badala yake niliketi sakafuni, mgongo umeelekea kitenge, na nadhani naye alivuta kigoda akaketi upande wake, kwa sababu nilisikia miguu ya kigoda. Upepo wa mlango wa uani ulikuwa unakitikisa kitenge kati yetu. Hatujawahi kuwa karibu hivyo.

"Kasebele," alisema, "panda."

Nilifunika mdomo kwa kiganja. Nilifurahi, nakiri. Nilifikiri siku imekwisha vizuri.

Kisha akauliza, "Wewe injini, siku hizi una rangi gani?"

Nilishika tupa nisijue nigonge nini. Hakuna namna ya kugonga rangi. Na kabla sijatafuta namna, nikajiuliza kwa nini anauliza. Injini amekuwa nayo tangu asubuhi, kando ya dirisha. Mama alisema anaitazama.

Halafu nikaona zile alama za vidole. Zilikuwa zimepita kila mahali, kwa mpangilio, kama za mtu anayesoma. Nikasikia tena kiganja kikipita ukutani. Ijumaa hiyo hiyo Mama alimgombeza kwa kumwaga chai pembeni ya kikombe, na wote tukacheka, mimi huku, wao kule.

Tundu la ufunguo limeziba.

Limeziba tangu Ijumaa. Mimi nilikuwa nageuza balbu ndani ya kopo, naomba mvua ipungue, nahesabu siku zilizobaki. Nilikuwa nakimbizana na kitu kilichokwisha kupita.

Naye, kwa kuwa sikugonga, akanisaidia. "Bluu ile ya watu?"

Sikugonga.

"Njano?"

Nikagonga mara moja.

"Na mistari myeusi, mbele na nyuma? Imelala hivi?"

Najua aliinua mkono kuonyesha ilivyolala. Yeye hakuuona, na mimi sikuuona. Nikagonga.

"Basi ndiyo yenyewe," alisema.

Mvua ikaongezeka. Alisubiri ipungue ndipo akasema la mwisho.

"Wale wakirudi usiwaambie. Yule mama ataanza kulia, na Lusajo ataanza kunizungusha hospitali hii na hii. Mimi kesho nakwenda nyumbani. Migomba yangu naijua bila macho."

Nikagonga mara moja.

Kigoda kikasogezwa. Ndala zikaondoka, na kiganja ukutani.

Nimekaa na hilo tangu mchana. Nafanya kazi hospitalini. Nililisikia neno la daktari kwa masikio yangu: akiona tofauti, siku hiyo hiyo. Leo ni siku ya tatu. Labda hakuna kinachoweza kufanyika tena. Labda kipo kidogo. Siyo mimi wa kupima, na siyo yeye.

Sentensi ilikuwa fupi. "Baba, twende kwa daktari." Ilikuwa kooni pale pale nilipokaa, na kitenge ni kitambaa tu. Sijawahi kumwita Baba akanisikia. Sikuisema. Nimejaribu kujidanganya kwamba ni mila iliyonizuia, lakini naona kuna jingine. Yale hakuniambia mimi. Aliiambia injini, kwa sababu injini siyo mke wa mwanawe na haiwezi kumwonea huruma. Ningefungua mdomo, ingekuwa ameniambia mimi, na asingekuwa na mahali pa kuficha uso.

Wamerudi saa tisa, wamelowa hadi magoti. Mama alikuja jikoni na injini mkononi, anacheka.

"Sasa imekuwa nzuri. Ila Mama Neema, mbona umeiwekea ufizi?"

Aligeuka akapaza sauti kupitia kitenge, kwa Kiswahili, ili na mimi nicheke. "Mwenzangu, umeuona huu ufizi?"

"Nimeuona," alijibu. "Hata Kasebele hakuwa na mzuri hivyo."

Mama akacheka mpaka akashika mlango. Lusajo akacheka kutoka uani. Mimi nikainamia sufuria.

Sasa Mama anafunga mizigo. Nasikia anavyouliza kama koti la kijivu liende kwenye begi au alivae, naye anajibu alivae, kana kwamba amelitazama. Lusajo ameshazungumza na mwenye gari la kuwapeleka Ikuti asubuhi. Injini iko mezani mbele yangu. Alama za vidole bado ziko kwenye rangi, na rangi bado inanata. Nimeamua nisizifute. Zikauke hivyo hivyo, rangi itakapopenda kukauka.

Nimefikiria sana kule kugonga kwangu kwa mwisho. Sheria aliiweka yeye: mara moja, nimesikia. Hakunifundisha alama ya kukubali, na sikuiomba.

Maharage yameiva. Nitapakua, nitampa Mama sinia, kisha nitamwita Lusajo uani, chini ya bati, mahali ambapo mvua itameza sauti. Nitamwambia yote. Atauliza nimejuaje, na sijui nitaanzia wapi. Mwenye gari itabidi aelekee hospitali. Mama atalia, kama mwenzake alivyosema. Naye ataketi pale mbele ya kitenge akijua ni nani aliyesema, maana nyumba nzima hakukuwa na mwingine.

Sitaibandika hii kwenye blogu kabla sijamwambia Lusajo. Ukiisoma hapa, ujue nimeshasema.

Kama amenisamehe, nitajua kwa anavyokohoa.